Hapana ya Kwanza

Solomon Ngugi hakuwa mlevi, hakuwa mzinzi, wala hakuna mtu kanisani aliyewahi kumsikia akimsengenya jirani. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa Mholanzi.

Mholanzi mwenyewe aliitwa Teunis Haverkamp. Ukilitaja jina hilo mezani, Solomon aliweka kijiko chini, akapangusa mdomo, akauliza kama mtu asiyejali, "Kwani yuko wapi siku hizi?" Na alijua vizuri sana yuko wapi. Alimfuata kwenye simu kutoka mkutano hadi mkutano, akitazama hotuba za Kiholanzi asizoelewa hata neno, anaangalia tu jinsi watu wanavyosimama na kupiga makofi. Nyokabi, mkewe, alikuwa akipita nyuma ya kochi anasema, "Baba Beverly, wivu utakuua, na mwenzako hata habari hana." Naye alijibu kwamba anatazama mpira.

Sasa, wivu huo haukuanguka kutoka mbinguni. Miaka ile, kabla Uingereza haijajitoa Ulaya, Solomon na Teunis walifanya kazi pamoja katika nyumba moja ya kulea wazee kule Sutton Coldfield. Solomon ndiye aliyekuwa mzoefu. Teunis alikuwa kijana mrefu aliyemfuata mchumba Birmingham, mchumba akamtema, akabaki na chumba baridi na hana rafiki. Solomon ndiye aliyemwonyesha namna ya kumgeuza mzee kitandani bila kuumiza mgongo wake wala wa mzee. Solomon ndiye aliyemleta kwake Ladywood akale chakula cha moto, na ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwenye mkutano wake wa kwanza wa chama cha wafanyakazi. Alimlea, kwa ufupi.

Ndipo wenye nyumba ile ya wazee wakaamua kwamba mfanyakazi akiugua, asilipwe. Wafanyakazi wakakutana kwenye chumba cha kupumzikia ili wachague mwakilishi wa kwenda kupambana nao. Mama mmoja Mwingereza wa jikoni akasema, "Mimi nampendekeza Solomon." Watu wote wakamgeukia, na nyuso zao zilionyesha kwamba shughuli imekwisha.

Lakini kule alikokulia Solomon, mtu mwenye adabu harukii kiti akionyeshwa. Ukitajwa uwe mzee wa kanisa, unainamisha kichwa na kusema hapana, wapo wanaofaa kuliko mimi. Watu wanakuomba tena, nawe unakataa tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu kina mama wanaanza kupiga makofi, unainuka polepole kama umetwishwa gunia, na kumbe moyoni unacheza. Anayekubali mara ya kwanza huyo ni mroho, na hata akichaguliwa watu watamtazama kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo Solomon alisema, "Hapana, jamani. Wapo wanaofaa kuliko mimi." Akainamisha kichwa, akangoja kuombwa.

"Haya, Solomon hataki," akasema aliyekuwa akiendesha mkutano. "Kuna mwingine?"

Hakukuwa na Mkenya mwingine chumbani. Solomon akiwa bado ameinama, akasikia sauti nyuma yake. "Mimi niko tayari," alisema Teunis.

Basi, ikawa hivyo. Teunis akaongoza mgomo, wakashinda, na picha yake ikatoka gazetini akiwa ameshika bango katikati ya theluji. Chama kikampa kazi ofisini mjini. Akarudi kwao Uholanzi, akawaunganisha wafagiaji wa viwanja vya ndege na walezi wa wazee, wakagoma, wakashinda nao. Wakamfanya rais wa shirikisho zima la vyama vya wafanyakazi, akawa anakaa meza moja na mawaziri. Halafu chama cha siasa kikaja kumwomba awe kiongozi wake, na hapo sina shaka alikubali mara ya kwanza. Siku hizi anaongoza upinzani bungeni, na wajuao wanasema uchaguzi ujao huenda akawa waziri mkuu. Kila alipopanda ngazi moja, Solomon, ambaye bado alikuwa anapanda treni kwenda kuwaogesha wazee wa Sutton Coldfield, alihisi ni kichwa chake kinachokanyagwa.

Alikuwa na faraja moja tu. "Wazungu hawakunielewa," alimwambia Nyokabi. "Mtoto wa watu naye, angejuaje?" Faraja hiyo ilimsaidia. Alimwonea Teunis wivu usiku na mchana, ila hakumchukia, kwa sababu huwezi kumchukia mtu aliyeokota kitu akidhani kimetupwa.

Jumamosi moja mwaka huu Teunis akaja Birmingham kwa kongamano, akaomba awatembelee watu wa tawi lake la zamani la chama cha wafanyakazi. Ikasadifu kwamba siku hiyohiyo tawi lilikuwa linachagua katibu mpya, maana Ronald, katibu wa miaka mingi, alikuwa amestaafu. Solomon alikitaka kiti hicho kama mgonjwa wa homa anavyotaka maji. Alikuwa anakaribia kustaafu yeye mwenyewe. Hiki kikimpita, hakuna kingine. Na je, alimwambia mtu yeyote? Thubutu. Alinyamaza akingoja kutajwa, ili akatae vizuri.

Asubuhi hiyo Nyokabi alikuwa anasukuma chapati. "Mumbua alinipigia simu," akasema. "Wamemwambia watamtaja awe katibu."

Mumbua alikuwa msichana wa Machakos, mlezi wa wazee, ambaye Nyokabi alimpokea alipofika na sanduku moja. Majira ya baridi yaliyopita aliwasimamia walezi wenzake walioletwa na wakala mmoja kwa ahadi za uongo, akahangaika nao mpaka wakapata kazi kwingine. Tangu hapo jina lake lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na Solomon alikuwa amelisikia mara nyingi kuliko alivyopenda.

"Mumbua ni mtoto," akasema.

"Mtoto aliyefanya kazi ya watu wazima. Anakitaka hicho kiti, Baba Beverly, aliniambia kwa kinywa chake. Lakini unamjua, ana adabu zake, lazima atakataa. Na Kulwinder akiendesha mkutano huuliza mara moja akaendelea mbele. Wewe ndiye mkubwa wetu pale. Msukume kidogo."

"Nitamsukuma," akasema Solomon, akamega chapati ya moto bila kumtazama.

Saa sita Teunis akabisha hodi, peke yake, ametembea kwa miguu kutoka stesheni ya New Street. Nywele zilikuwa zimepungua, lakini koti lake peke yake lingelipa kodi ya mtu. Akamkumbatia Solomon kwa nguvu, akainama kumsalimu Nyokabi, akamwita mama kama zamani. Solomon alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Wakaketi. Nyokabi akaleta chapati na ndengu, akamsogezea mgeni sahani.

Teunis akaweka mkono kifuani. "Hapana, mama, nimeshiba," akasema kwa Kiswahili.

"Umeshiba nini, na umetoka safari? Kula."

"Hapana, mama. Kweli."

"Usiniaibishe, mwanangu. Kidogo tu."

Hapo Teunis akacheka, akaivuta sahani kwa mikono miwili. Nyokabi naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Wewe nani alikufundisha mambo haya?"

"Solomon," akasema Teunis, sasa kwa Kiingereza, akimega chapati. "Krismasi ile ya kwanza niliyokuja hapa. Wageni wote walikataa chakula, nikashangaa, baadaye wote wakala. Aliponisindikiza kituo cha basi akanieleza. Kwenu hapana ya kwanza ni salamu, ya pili ni adabu, mtu hujibu ya tatu."

Nyokabi alimwongeza ndengu, hakuona kitu. Solomon ndiye aliyeona. Krismasi ile ya kwanza. Na uchaguzi wa mwakilishi ulifanyika Pasaka iliyofuata, anaikumbuka, kwa sababu wazee walikuwa wamegawiwa mayai ya chokoleti. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ule mkono alioushika mwenyewe kumvusha barabara ndio ulioinuka nyuma yake.

Hakula tena. Walipotoka kwenda ukumbini, ambako hakukuwa mbali, alimwacha Nyokabi atangulie na birika na vikombe, akapunguza mwendo.

"Siku ile waliponitaja," akasema, "uliniona nikikataa."

Teunis hakuuliza siku gani. "Nilikuona."

"Ulijua sijamaanisha."

Mholanzi akajibu akitazama mbele. "Nilijua. Nikangoja mtu akuulize mara ya pili. Hakuna aliyekuuliza. Ningeweza kukuuliza mimi." Akatia mikono mifukoni mwa koti lake zuri. "Lakini nilikuwa nakitaka kiti kile, Solomon. Nilikitaka kuliko nilivyokupenda."

Solomon alitamani kumpiga kofi mbele ya watu waliokuwa wakisubiri basi. Ile faraja yake ya miaka yote, angejuaje, ilikuwa imechomoka kama jino, na mahali pake palikuwa panauma vibaya. Na jambo lililomtia uchungu zaidi ni kwamba hakuona aibu yoyote usoni mwa yule mtu. Aliona mtu aliyeiba kiti, akakikalia, akafanya kazi nzuri, akalala usingizi wake. Wivu ukampanda upya, mbichi kabisa. Safari hii hakumwonea kwa ajili ya bunge wala magazeti. Alimwonea kwa sababu aliweza kuchukua alichokitaka.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nusu ya watu walikuwa Wakenya, walezi na wauguzi, na Solomon na mgeni walikuwa wameachiwa viti vya mbele. Mwenyekiti, Kulwinder, muuguzi wa Kisingasinga ambaye wazazi wake walitoka Nakuru, alikuwa mwanamke mwenye haraka, na macho yake hayakutoka kwenye saa ya ukutani, kwa sababu baada yao ukumbi ulikuwa wa watu wa mazoezi ya viungo. Teunis akazungumza kidogo, wakamshangilia sana. Kisha wakaja kwenye kazi iliyowaleta.

"Katibu wa tawi," akasema Kulwinder. "Nani anapendekeza jina?"

"Mumbua," zikasema sauti tatu kwa pamoja, na wengine wakaitikia.

Mumbua alikuwa safu ya pili, nyuma ya Solomon kidogo. Akasimama, akashika ncha ya mtandio wake, akainamisha kichwa. "Asanteni," akasema. "Lakini hapana. Wapo wakubwa kuliko mimi, wanafaa zaidi."

"Sawa, Mumbua hataki. Kuna mwingine?"

Nyuma kwenye meza ya chai Nyokabi alikuwa ametua birika, anamtazama mumewe, anangoja. Wakenya walikuwa ndio kwanza wanavuta pumzi wapige kelele za kumwomba binti. Solomon alilijua lile tendo la kuinamisha kichwa. Alijua shingo inavyouma ukingoja. Aligeuka kidogo akaona kwamba msichana, kichwa chini, anauma mdomo asitabasamu. Neno moja tu lilitakiwa, tena la mkubwa wao: Mumbua, usitukatalie. Alikuwa nalo mdomoni.

Akainua mkono. "Mimi niko tayari," akasema.

Pumzi zilizovutwa zikashushwa kimyakimya. Nani atashindana na mzee mbele ya wageni? Mumbua mwenyewe, ambaye alikuwa bado amesimama, akasema haraka, "Ndiyo, mzee Solomon anatosha kabisa," akaketi, akaanza kuufunga mtandio ambao haukuwa umefunguka. Kulwinder akauliza wanaokubali, mikono ikainuka mmoja mmoja, na jambo likapita. Makofi yakapigwa. Teunis ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, akimtazama Solomon usoni kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Solomon akashukuru kwa maneno machache. Alikuwa amepata kiti, na kweli alikifurahia, tusimsingizie. Akapewa mkono na huyu na yule, akaitwa katibu, akaketi.

Ndipo Nyokabi akaja na birika. Akaanza na Mumbua. Hakumuuliza, alimimina tu, akaweka kiganja begani mwake kwa muda. Akamfikia Kulwinder, ambaye alisema hapana, ana haraka, na Nyokabi akamwambia haraka haina baraka, kunywa, mpaka akanywa. Akamfikia Mholanzi, naye akakataa, akaombwa, akakataa, akaombwa, akapokea. Safu nzima alipita hivyohivyo, akibembeleza watu wazima kama watoto.

Akamfikia mumewe. Hakumwita Baba Beverly.

"Chai, katibu?"

"Hapana, wape wageni kwanza," akasema Solomon, kama alivyosema maisha yake yote, kikombe kikiwa tayari mkononi.

"Haya," akasema Nyokabi, akampita akaenda kwa mwingine.