Hakuna Aliyeuambia Mchaichai

Joselyne aliolewa Rwimbogo akijua anaingia katika nyumba ya mwanamke mwingine, na hilo halikumtisha. Véronique, mke wa kwanza, alikwisha kufa, na marehemu hagombani na mtu. Ndivyo alivyojiambia alipofunga mizigo yake Bukavu na kuvuka mpaka. Maskini, hakujua asemalo.

Mumewe, Harelimana, alikuwa mpole, shemasi wa kanisa, mtu wa kusali hata kabla ya kunywa maji. Tatizo lilikuwa Mutoni, binti wa marehemu, kitoto kilichokuwa ndiyo kwanza kinajua kusema vizuri. Tangu Joselyne aingie, mtoto alifumba kinywa. Uji hataki, dagaa wa sambaza hataki, hata ndizi aliyomenyewa aliigeuzia kisogo. Shingo ikawa nyembamba kama ya kifaranga. Kwenye kituo cha afya walimpima damu, hawakuona malaria. Muuguzi akasema mtoto ale. Ale vipi? Joselyne alipomwogesha alizigusa zile mbavu, akaingiwa na hofu kwamba atamzika mtoto wa mwenzake.

Tena kulikuwa na ile harufu. Kila alfajiri nyumba nzima ilinukia chai ya mchaichai, moto moto, kama sufuria iko mezani. Siku moja Joselyne alitoka kwenda jikoni, akakuta majivu baridi. Lakini nyuma ya jiko, kile kichaka cha mchaichai kilikuwa kimekatwa, na mikato yake bado mibichi. Alirudi chumbani mbio. Mutoni alikuwa amekaa kitandani, midomo imelowa, pumzi yake inanukia majani yaleyale.

"Nani alikupa chai?"

"Maman," mtoto akajibu, akiutazama mlango.

Joselyne naye aliutazama; hapakuwa na mtu. Alimwita Harelimana, naye akasema ni shetani, wapige magoti. Wakapiga. Kesho yake kichaka kilikuwa kimekatwa tena.

Basi Joselyne akampelekea mambo jirani yake Mukankusi, mwanamke aliyekulia Kongo na mwenye mdomo usio na breki. Mukankusi alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya ua. Aliposikia, aliweka mundu chini, akaunyoshea mchaichai kidole.

"Ile sitronele ni Véronique alipandaka. Ni yee alikuwa anatupatia shiye bote, mafua, tumbo, homa ya batoto. Sasa, mwenye alipandaka akikufa, banaendaka kuiambia ile majani: mwenyewe alikufa. Kama hauiambie, inabakia kumungojea. Na yee anakuja."

"Na hakuna mwenye aliiambia?"

"Nani? Bwana yako? Alisema ni mambo ya bapagano." Mukankusi akacheka kidogo, kisha akaacha. "Maman, chai peke haishibishe mutoto. Akiendelea kunywa ya mwenye alikufa, atamufuata."

Mchana huohuo, Harelimana akiwa kanisani, Joselyne alipiga moyo konde. Alivua kitambaa cha kichwa, akachuchumaa mbele ya kichaka. Alijiona mpumbavu, na aliogopa.

"Véronique alikufa," alisema. "Balimuzika. Mimi ni Joselyne, niko nalea mutoto yake."

Hapakuwa na upepo. Majani yote yalilala chini kwa pamoja, polepole, kama watu wanaoketi msibani. Joselyne alingoja hadi magoti yakauma. Kisha akakata majani machache, yakamchana kiganja, akaenda kuwasha moto.

Mutoni alikinusa kikombe kwa muda mrefu. Halafu akanywa. Akanywa chote, akala kiazi kitamu, akaomba kingine, na Joselyne akalia kwa furaha waziwazi, bila kujificha. Mtoto akapanda mapajani mwake.

"Maman," akamwita, kwa mara ya kwanza.

"Eeh, mama yangu."

"Kwa nini ulimuambia? Hakukuwa anajua."

Joselyne akakiweka kiazi chini.

"Sasa iko analia pale inje," Mutoni akasema. "Anauliza alikufaka siku gani, na kwa nini Papa hakumuambia."

Hapo ndipo Joselyne alipoisikia, nyuma ya jiko, sauti ya mwanamke akilia chini chini kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Langoni Harelimana alikuwa amesimama, amerudi kutoka kanisani, na uso wake ulionyesha kwamba ameitambua. Hakusali. Alivua kofia, akapita mbele ya dirisha bila kuwatazama, akazunguka jiko.

"Véro," walimsikia akisema. "Haikuwa mambo ya kanisa. Sikuweza kutoa ile neno 'alikufa' mu kinywa."

Kilio kikaendelea, naye akaketi chini kando yake.