Kaindi Ananihimiza Niondoke

Begi lilikuwa mgongoni na mguu mmoja ndani ya kiatu, na Kaindi alishanifungulia mlango.

"Haya, Baba. Basi ya Kitui itakuacha."

"Si inatoka saa tano? Saa hii ni saa tatu."

Akapunga mkono tu, kwamba enda.

Ilikuwa siku ya sita tangu binti yangu akatwe tonsili. Mama yake, Munyiva, alishatutoka, kwa hivyo nilikuja kwake Uthiru mimi mwenyewe kumpikia uji. Daktari alikuwa ametuambia damu ikionekana, hata kidogo, turudi mbio. Haikuonekana. Jana yake alikula viazi vya kuponda, na miguu yangu ikaanza kuniwasha, maana kukaa sijawahi kujua.

Lakini nilitarajia aseme kaa kidogo. Zamani, nikiwa kibarua wa barabara, leo Garsen, kesho Marsabit, huyu msichana alikuwa anaficha kiatu changu kimoja ili nisiende. Alikificha kwenye pipa la unga, akakificha kwa mbuzi. Mwaka mmoja nilifika Mwingi na patipati za mama yake, wenzangu wakanicheka mpaka lami ikapoa. Hizo siku nazipenda hata leo. Hakuna mtu mwingine amewahi kutaka nibaki hivyo.

Nikageuka nimkumbushe hilo. Ndipo nikaona koo lake likimeza. Hakuwa na kitu mkononi, chai alikuwa ameiacha. Akameza tena. Na tena.

Ndugu yangu Kitavi alikuwa anameza hivyo. Tukiwa watoto tulikatwa kimio, kile kinyama cha kooni, asubuhi moja, sisi wawili, na mzee aliyekuwa akizunguka na chuma chake kilichopinda. Mimi nilitema damu chini mbele ya wazee, nikachapwa. Kitavi alimeza, akasifiwa kwamba ana adabu. Mchana alitapika kitu cheusi. Hakufika jioni.

"Mama," nikamwambia Kaindi, "tema."

"Nini?"

"Hicho unameza. Tema."

Akaangalia sakafu. "Mbele yako, Baba?"

Kwetu mtoto hatemi mbele ya baba yake. Munyiva alimfundisha hivyo kwa kumfinya, mimi nikiwa sipo. Miezi tisa kwa mwaka nilikuwa barabarani, na bado nyumbani niliheshimiwa kama nimeketi pale. Sasa nikaelewa. Tangu chai ya asubuhi alikuwa anangoja niondoke, apate kutema.

Nikavuta beseni la vyombo. "Tema, nimesema!"

Akatema. Damu mbichi, na bonge kama kipande cha ini. Halafu akatapika ingine.

Mama Nyawira, mwenye ploti ile ya nyumba za kupanga, akaingia mbio. "Ngai! Mlaze chali, umpe maji baridi!"

"Ukimlaza itamshukia kooni. Akae, ainame, ateme."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hata darasa la tano sikumaliza. Lakini halazwi chali."

"Nyinyi Wakamba mna kichwa ngumu! Norman! Toa gari!"

Norman, kijana wake, akatupeleka mjini kwa barabara ya Waiyaki Way, honi haikunyamaza. Beseni lilikuwa juu ya magoti yangu, Kaindi ameliinamia, mkono wangu mgongoni kwake. Kila akifunga mdomo nilimwambia, "Usimeze, mama." Tukipita Westlands akasema, polepole, "Basi imekuacha."

"Nyamaza. Tema."

Hospitalini hawakutuuliza mengi. Walimrudisha thieta ya upasuaji hapo hapo, wakauchoma mshipa uliokuwa ukivuja, ukaziba. Ganda la kidonda lilikuwa limebanduka mapema, daktari akasema, na damu ndiyo ile iliyokuwa ikishukia tumboni tangu asubuhi. Akauliza kwa nini mgonjwa hakusema. Nikamwambia alikuwa na mgeni, ndiye mimi.

Kaindi alilazwa siku tatu, akaongezwa damu chupa mbili. Mwezi uliofuata alirudi kazini kule Karen, kwenye duka la dawa za mifugo. Mama Nyawira bado anakodisha zile nyumba. Norman aliuza gari, sasa yuko Nakuru. Mimi nilikaa Uthiru wiki tano, halafu nikaenda Kitui, na kutoka Kitui nikaenda Garsen.