Nyuma ya Kadi

Hakuwa na kiti. Hakuwa na glovu, wala viatu vya kazi, wala likizo, wala ruhusa ya kuugua. Hakuwa na akiba ya uzeeni. Hakuwa na meno matatu ya mbele, aliyoyaacha pale pale ghalani mwaka ule kreti la soda lilipomwangukia usoni, na siku ile hakupewa ujira kwa sababu aliondoka kazini saa nne asubuhi. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya kuuza bidhaa kwa jumla, na kwa miaka yote hiyo hakuwa mfanyakazi wake. Alikuwa kibarua. Kila Jumamosi jioni aliachishwa, kila Jumatatu alfajiri alichukuliwa upya.

Alichokuwa nacho ni mwandiko. Aliupata ukubwani, katika darasa la jioni la watu wazima, akiwa tayari baba wa watoto wawili. Katika ghala lile kila bidhaa rafuni ilikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu iliyofungwa kwa uzi, na kila kadi ilijazwa kwa mkono wake: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Kadi elfu moja mia mbili na sitini. Kwa hiyo wapakizi walimwita Mzee Kadi, na jina la kwao likasahauliwa hata na yule karani aliyelipa vibarua.

Mbele ya kadi kulikaa mizigo iliyotoka kwa hati. Nyuma kulikaa mizigo ya mdomo.

Mizigo ya mdomo ilikuwa ya Bosi. Bosi alishuka ghalani na malapa yake, funguo za gari zikining'inia kidoleni, akasema, "Mzee, nipakilie katoni kumi za mafuta na tano za sabuni. Yule mgeni wangu wa leseni yuko nje." Siku nyingine alikuwa mgeni wa afya, au wa kodi. Siku nyingine mzigo ulikwenda kwenye nyumba ya pili ya Bosi, ambayo nyumba ya kwanza haikuijua. Hati haikuandikwa. Mzee Kadi aliigeuza kadi, akaandika kwa penseli, na Bosi akaweka alama ya vyema kwa kalamu yake mwenyewe ya wino wa kijani.

"Wewe mzee," Bosi alicheka, "ukifa nitakuzika na kadi zako."

"Mradi sanda isiwe ya mdomo, Bosi."

Mwisho wa kila mwaka Bosi alipitia nyuma za kadi, akaamuru zipunguzwe kwenye za mbele, penseli ikafutwa, hesabu ikakaa sawa. Lakini miaka mitatu ya mwisho alikuwa na shughuli. "Tutazifuta mwakani," alisema. Nyuma za kadi zikajaa mpaka pembeni.

Kisha benki ikasema haitakopesha kampuni inayohesabu mali yake kwa uzi na penseli. Bosi alitaka ghala la pili. Akamwita bintiye, aliyekuwa amemaliza masomo ya biashara, na Binti akaja na mwanamume mmoja mwenye kompyuta mbili begani, ambaye wote walimwita Mtaalamu.

Binti alikuwa na adabu. Alimwamkia Mzee Kadi kila asubuhi, tena kwa kuinama kidogo.

"Usiogope, baba," alimwambia siku ya kwanza. "Mfumo hauji kukuondoa. Tunakuhitaji wewe kuliko hizi kompyuta."

"Siogopi, mwanangu. Mimi nataka kujua tu, mimi nitakuwa nani ndani yake?"

"Ukitufundisha ghala lote, tunakuandika. Ajira ya kudumu. Na matibabu, wewe na mama."

Mzee Kadi aliomba arudie neno la mwisho.

Mkewe alikuwa na uvimbe tumboni. Ulikuwa na miaka miwili, na kila mwezi ulizidi. Majirani walishachoka kumpa pole, sasa walimuuliza anajifungua lini, na mwenyewe alijibu kwamba mtoto huyu ana kichwa kigumu kama baba yake. Daktari alisema upasuliwe kabla haujashika figo. Alipotajiwa gharama, Mzee Kadi aliinuka, akashukuru, akamshika mkewe mkono wakaenda nyumbani.

Basi alifundisha. Wiki sita alitembea na Mtaalamu rafu kwa rafu, akimwambia kilichokuwa kichwani mwake na ambacho hakikuandikwa popote: kwamba sabuni ya mche ikikaa chini hunyonya unyevu, kwamba viberiti na dawa ya wadudu havilali chumba kimoja, kwamba duka la mama mmoja wa sokoni huagiza mara mbili bila kujua kila mwezi unapoisha. Mtaalamu alibonyeza, akabonyeza. Jioni Mzee Kadi alirudi nyumbani koo limemkauka, akamwambia mkewe, "Leo nimewatolea rafu ya saba yote."

Wiki ya nne wakafika kwenye kuingiza idadi. Mtaalamu alisoma kadi ya kwanza, akaiweka upande. Mzee Kadi akaichukua, akaigeuza.

"Na huku."

"Huku ni nini?"

"Zilizotoka bila hati. Lazima uziondoe kwenye zile za mbele, ndipo upate zilizopo."

Mtaalamu alitazama penseli na wino wa kijani kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. "Mzee, mfumo unapokea hati. Hii ni michoro."

Mzee Kadi alipanda ngazi hadi kwa Bosi. Alisimama mlangoni, kadi mkononi.

"Bosi, za nyuma wanazikataa."

Bosi alikuwa anakula karanga. Aliitazama kadi, akamtazama bintiye aliyekuwa kwenye meza ya pili, akarudi kwenye karanga.

"Ingizeni za mbele. Za nyuma tutamalizana mimi na wewe."

"Lakini ghala litaonekana limejaa kuliko lilivyo."

"Benki wanapenda ghala lililojaa," Bosi alisema. "Au unataka nikufundishe lugha ya benki leo?"

Binti aliinua macho. "Za nyuma ndizo zipi, baba?"

"Mambo ya wazee," Bosi alimjibu.

Kosa la Mzee Kadi lilikuwa hapo, na lilikuwa kosa la mtu aliyeaminiwa kwa muda mrefu. Alishuka, akaziingiza za mbele.

Mwisho wa wiki ya sita wakamwandika. Kwa kuwa Mtaalamu alihitaji jina la kujaribia, jina lake la kwao, lililokuwa halijatamkwa ghalani kwa miaka, lilitangulia mengine yote. Mfanyakazi namba moja. Wapakizi walimbeba juu juu.

"Namba moja, shikamoo!"

"Bosi mwenyewe ni namba tisa! Mzee, usisahau tu kumpa likizo!"

Siku ileile Binti alisema kadi ziondolewe, maana kampuni haiwezi kutembea na vichwa viwili. Kulikuwa na kiwanda kilichonunua karatasi kuukuu ili kufinyanga trei za mayai. Mzee Kadi alikata nyuzi mwenyewe. Alizipanga kadi kwa rafu na kwa mwaka, akazifunga mafungu ya mia mia, kona kwa kona, kwa sababu hakujua kufanya kazi nyingine isipokuwa kazi safi. Alizipakia mwenyewe kwenye lori.

Wiki tisa baadaye benki ikaleta wahesabuji wake. Walihesabu siku mbili. Mfumo ulisema hivi, rafu zikasema vile. Zilipungua katoni elfu mbili mia moja na nane.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya mkewe. Alikuwa amelazwa tangu jana yake. Upasuaji ulipangwa saa nane mchana. Mzee Kadi alikuwa ameshaomba ruhusa ya nusu siku, ruhusa yake ya kwanza maishani, na akawa ameishika karatasi yake yenye muhuri pale alipoitwa juu saa nne.

Walikuwamo Bosi, Binti, Mtaalamu na katibu muhtasi. Kiti kilikuwepo. Hakuambiwa akikalie.

"Baba," Binti alianza kwa upole, "katoni zimekwenda wapi?"

"Zimo nyuma ya kadi, mwanangu."

"Kadi ziko wapi?"

"Uliniambia nizipakie."

"Nilikuambia uondoe karatasi kuukuu. Ushahidi hautupwi, baba. Ungekuwa ushahidi ungeniambia."

Mzee Kadi alimgeukia Bosi. Bosi alikuwa dirishani, akitazama lori likirudi nyuma.

"Bosi. Si ulikuwa unaweka alama mwenyewe? Kalamu ya kijani."

"Alama gani?"

"Mgeni wa leseni. Mgeni wa kodi. Na ile nyumba ya..."

"Mzee." Bosi aligeuka taratibu. "Chunga ulimi mbele ya mwanangu. Una alama yangu? Nionyeshe moja. Moja tu, na mimi nitashuka nikakubebee magunia."

Mtaalamu alikohoa. Alikuwa na la kusema. Alikuwa ameiona kalamu ya kijani kwa macho yake, kadi baada ya kadi. Alitazama kompyuta yake, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole.

"Bwana Mtaalamu," Mzee Kadi alisema, "wewe uliziona."

"Mimi niliona michoro, mzee. Sikujua ni ya nani."

Binti alisukuma karatasi tupu ukingoni mwa meza. Alieleza kwamba benki inataka sababu yenye jina. Kwamba mtunza ghala akikiri uzembe, jambo litaishia hapa. Asipokiri litakuwa wizi, na wizi una polisi wake, na polisi wakimchukua leo saa hii, mama akizinduka atamwona nani kando ya kitanda?

"Hospitali je?" aliuliza. "Nikiandika, hospitali itakuwaje?"

"Andika kwanza," alisema Bosi. "Mwenye mwandiko ni wewe."

Aliandika akiwa amesimama, ameinama juu ya meza, kiti kikimgusa paja. *Nakiri kwamba bidhaa zilizopungua zilipungua mikononi mwangu kwa uzembe wangu.* Herufi zilisimama wima, zikalingana, na mstari haukupanda wala haukushuka ingawa karatasi haikuwa na mistari. Mtaalamu aliichukua akaisoma, akasema, bila kufikiri, "Kweli una mkono mzuri, mzee."

Binti alibonyeza mara tatu. "Haya. Umefungwa."

"Nimefungwa?"

"Kwenye mfumo. Si mfanyakazi tena. Na mtegemezi wako anafungwa pamoja nawe."

Alipofungua mdomo, pengo la meno lilionekana lote.

"Mwanangu. Leo saa nane anapasuliwa. Niache wazi mpaka saa kumi tu. Mpaka wamshone. Kisha unifunge, hata milele."

"Natamani, baba. Lakini benki wanaona ninachofanya na saa niliyofanya. Mtu amekiri saa tano, mimi namlipia hospitali saa nane? Watasema tulishirikiana."

"Ni mama yako pia. Ulimwita mama."

"Ndiyo maana naumia," Binti alisema, na pengine aliumia kweli, maana alimpa karatasi ya kujifutia uso.

Mtaalamu alitazama kompyuta yake. "Hospitali haijaunganishwa. Hao bado wanatumia majalada. Bila barua yetu watampasua tu, na ankara itakuja kwetu."

"Basi barua iende sasa," Bosi alisema.

Katibu muhtasi aliiandika pale pale, mistari minne. Kampuni inaarifu kwamba kuanzia leo haitahusika na matibabu ya mgonjwa aliyetajwa hapo juu. Binti alitia sahihi. Bosi aligonga muhuri, mara mbili, wa kwanza ulikuwa hafifu. Katibu muhtasi aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi na kuibana kwa kiganja, huku machozi yakimtoka na mkono ukifanya kazi. Akamwita tarishi kwa simu.

Mzee Kadi hakungoja. Alishuka ngazi, akapita ghalani, ambako hakuna aliyemwita namba yoyote, akatoka uani kwenye jua. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Hakujua akifika atasema nini, ila alitaka mkewe aisikie sauti yake kabla ya nyingine.

Hakuwa amefika langoni pikipiki ilipomjia nyuma. Alikuwa tarishi, mtu mzima mwenye tumbo na mdomo mwepesi, ambaye tangu asubuhi alikuwa nje kwenye shughuli zake, akarudi sasa hivi tu kupokea barua mlangoni, na hakuwa na habari.

"Namba moja! Unatembea juani kama huna watu? Waenda wapi?"

"Hospitali. Mke wangu anapasuliwa."

"Si useme! Na mimi naelekea huko huko. Panda, panda, leo nitakufikisha kama waziri."

Mzee Kadi alisimama. Aliitazama pikipiki, akatazama barabara. Akapanda.

"Zipu ya mkoba imekufa," tarishi alisema, akichomoa bahasha kifuani. "Nishikie hii, isije ikapeperuka. Binti kasema ifike kabla ya saa nane, la sivyo kazi sina."

Gundi ilikuwa bado mbichi. Ilimnata kwenye kidole gumba.

"Umeishika sawasawa?"

"Nimeishika."

"Basi nikumbatie na mimi, usianguke."

Mlinzi akafungua lango.