Stika ya Terabaiti Moja

Kahambu alikuwa anasomea ubunifu wa vitambaa mjini Kasese. Kompyuta yake ya kwanza ilijaa michoro hadi ikagoma kufunguka siku ya kukabidhi kazi, akafeli. Kwa hiyo safari hii, alipoingia dukani Bwera na mjomba wake Fidèle, alijua anachotaka: kompyuta yenye diski ya SSD ya nafasi kubwa.

Fidèle alipoeleza masomo ya binti, muuzaji hakumtazama Kahambu. Alimsogezea Fidèle kompyuta nyembamba inayong'aa, yenye stika ya terabaiti moja.

"Mutoto wa kuchora maua anahitaji tu rangi ya muzuri, papa."

Kahambu aliivuta, akaiwasha, akatafuta ukubwa wa diski. Gigabaiti sitini na nne tu badala ya elfu moja, na nusu ilikwisha kuliwa na programu za mashine yenyewe. Akamgeuzia muuzaji skrini kwa hasira.

"Soma hapa! Kwa sauti!"

"Utaongeza flashi, dada..."

"Soma!"

Edisa, mteja mwingine, mama kutoka Karusandara aliyekuwa amemchagulia binti yake kompyuta kama hiyo, alisogea kuchungulia. Akairudisha yake mezani kwa kishindo, akaondoka.

Upesi muuzaji akatoa kabatini mashine nzito yenye mikwaruzo. Kahambu akaikagua: SSD kweli, gigabaiti mia tano na zaidi.

"Si hii ndiyo ulitaka?" Fidèle akauliza.

"Ndiyo, mujomba. Lakini hapana kununua kwake."

Walipata nyingine kama hiyo duka la jirani. Njia nzima ya kurudi Kasese Kahambu aliipakata, akimfokea muuzaji aliyebaki Bwera.