Transfoma Mbili za Ethi

Karatasi ilikuwa moja tu, na mzee aliisoma mara tatu huku masikio yakimwaka moto. Iliandikwa kwamba fundi wa laini aliyeungua Jumanne alijiletea mwenyewe: alisogelea waya ulioanguka bila kuupima. Chini kulikuwa na nafasi mbili za sahihi. Ya kwanza ilishajazwa na injinia wa kituo cha umeme. Ya pili ilimngoja yeye, msimamizi wa zamu, ambaye kituo kizima kilimwita Babu Swichi.

Fundi aliyeungua alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa.

"Tia sahihi basi, mzee wangu," injinia alisema bila kuinua macho kwenye kompyuta. Mafundi walimwita Bwana Slaidi, maana hata ukimuuliza choo kiko wapi atakuonyesha mchoro ukutani. "Makao makuu wanaitaka kabla ya saa sita."

"Uzembe," Babu Swichi alisema. "Umeandika uzembe."

"Ndilo neno lililopo kwenye fomu."

"Alikwenda kumvuta mama wa watu aliyekuwa anauelekea ule waya. Hakuugusa! Ardhi yenyewe ndiyo iliyompiga. Na unajua kwa nini ardhi ilikaa na umeme dakika tisa nzima."

Kwa miaka ishirini na sita pale kituoni, waya ukigusa ardhi umeme ulikatika kabla hujamaliza kusema "lo!" Mafundi wakazoea kwamba waya ulio chini umeshakufa. Kilichoifanya kazi hiyo ni transfoma ya ethi, yaani ya ardhi, dude la kijivu nyuma ya jengo, lisilompelekea mtu yeyote umeme. Lenyewe huupa umeme uliopotelea ardhini njia ya kurudi, na relei yake ikiuona unapita, hukata laini. Transfoma hizo zilikuwa mbili, lakini kanuni haikubadilika: moja kazini, moja ipumzike. Babu alimfundisha hivyo kila aliyekuja, mkwe wake akiwamo.

Mwezi uliopita Bwana Slaidi aliamuru ziwashwe zote pamoja, ili moja ikiharibika nyingine iwepo. Babu akabisha, akasema kwanza relei zirekebishwe. Akajibiwa kwamba elimu ya zamani ina mwisho wake. Basi akanyamaza, akaenda kuiwasha ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Kila alipofika hapo katika mawazo yake, hakujua amkasirikie nani kwanza.

"Relei ni nzima," injinia alisema. "Zilipimwa."

"Zilipimwa moja moja! Waya umeangukia mchanga mkavu, umeme uliopenya ni ampea sitini tu. Relei huamka kwenye arobaini. Ingekuwapo transfoma moja, zote sitini zingepitia hapo, laini ingekatika. Zikawa mbili: thelathini huku, thelathini kule. Kila relei ikasema hainihusu. Umeweka walinzi wawili geti moja, kila mmoja anamsubiri mwenzake apige kelele, mwizi anatoka na kitanda!"

Injinia alifunga kompyuta taratibu. "Sawa. Tuandike hivyo. Tuandike na aliyeiwasha ni nani. Kitabu cha zamu kina mwandiko wako, mzee. Na umebakiza miezi minne ustaafu."

Babu aliiweka karatasi mezani. Jana hospitalini mkwe wake, nyayo zote mbili zikiwa zimefungwa bandeji, alimuuliza, "Baba, nilikosea wapi?" Naye, mtu mzima na mvi zake, alijibu, "Pumzika, mwanangu." Jibu lile lilimchoma kuliko kitisho cha Bwana Slaidi.

Akatazama kupitia dirishani. Kule uani, mikono ya swichi zote mbili ilikuwa imeelekea juu.

"Injinia. Bado zimewashwa zote?"

"Mpaka uchunguzi uishe. Tukizima sasa itaonekana tumekiri kosa."

"Na waya mwingine ukianguka leo? Kwenye njia ya watoto wa shule?"

"Mzee, usinipigie kelele ofisini kwangu."

"Nitapiga mpaka paa litoke! Relei zako zimenyamaza, mimi siwezi!"

Akanyakua simu ya mezani, akawapigia waongozaji wa mtandao wa umeme. "Naizima transfoma ya ethi namba mbili. Sababu ni usalama wa watu."

"Nani ameidhinisha?"

"Msimamizi wa zamu. Andika jina langu, herufi kubwa."

Akatoka, akavaa glavu, akaushusha mkono wa swichi kwa nguvu mpaka chuma kikalia. Akapiga kufuli, akaning'iniza kibao chekundu. Aliporudi, injinia alikuwa amesimama mlangoni, uso umempauka.

"Unajua utazama na mimi?"

"Tuzame. Lakini mkwe wangu hutamfunga jiwe shingoni ili wewe uelee."

Akaketi kwenye kiti cha injinia, akaigeuza ile karatasi upande mweupe. Akaandika: *Transfoma ya pili niliiwasha mimi, nikijua relei hazijarekebishwa.* Kalamu ilikandamiza hata ikatoboa. Akaendelea na amri ya injinia, tarehe yake, saa, na jinsi alivyobisha, mpaka nafasi ikaisha.

"Lete karatasi nyingine," alisema bila kuinua kichwa. "Bado hata sijafika Jumanne."