Kikombe cha Abu Ghazi

Mama Rula alikuwa akikunja wali kwenye majani ya mzabibu pale Abu Ghazi alipoingia bila viatu, akaketi. Alikuwa amekufa tangu mavuno ya zeituni. Mama Rula alimlaumu kwa kuja nyumba haijafagiliwa, kisha akamtilia kahawa.

Mzee akakiweka kikombe chini, asikiguse. Kwa watu wa mji wa Khalil, mgeni akifanya hivyo ana ombi, na mwenyeji mwenye akili hulisikia kwanza, kwani kumwambia anywe ni kulikubali. Lakini Mama Rula hawezi kuvumilia kahawa ikipoa. Akasema, "Kunywa, ami, ulichojia umekipata."

Mzee akanywa mpaka machicha. "Basi nirudishieni nyumba yangu. Mke wangu analala kwenye hema, na mgongo wake mnaujua."

Nyumba hiyo, ng'ambo ya bonde, ilibomolewa na tingatinga la jeshi. Aliyeipiga picha ikibomolewa ni Rula, mtengenezaji filamu anayejitegemea, maana yake anaishi kwa mama yake. Mama alitaka awe mfamasia. Filamu ilizunguka Ulaya, ikarudi na tuzo za kioo. Moja huzuia mlango usibamizwe na upepo, nyingine hugandamiza zeituni mtungini.

"Mama, umemwahidi marehemu nyumba?"

"Ulimi umeniponyoka. Nyumba unayo wewe, itoe."

Rula akatundika shuka juu ya kifusi, akawasha mashine ya kuonyeshea filamu. Nyumba ikasimama na mlango wake wa buluu. Mjane akaingiza godoro, akabandika birika. Filamu ilipofika kwenye tingatinga nyumba ikaanguka, naye akatoka na birika lake mkononi.

"Kikate kipande hicho," Mama Rula akaamuru.

"Hicho ndicho filamu, mama! Kikitoka, anabaki bibi anakata bamia."

"Bamia zimekukosea nini?"

Rula akakikata. Nyumba ikasimama, ikabaki. Wanunuzi wa filamu wa Ulaya, walipotumiwa toleo hilo, walijibu kwa upole kwamba bamia haziwagusi. Mama Rula, aliyekuwa akiicheka kazi ile, sasa akawa anapita kwa majirani akisifu bamia na kuwaonya, "Msimnunulie mtoto kamera, shoga zangu. Mtaishia kumbebea nyaya."

Kisha afisa akaja na karatasi: nyumba imejengwa bila kibali.

"Haikujengwa," Rula akamwambia. "Imeonyeshwa."

Afisa akafuta, akaandika: imeonyeshwa bila kibali. Tingatinga likaja. Rula akapiga picha, na jioni hiyohiyo wanunuzi wakapiga simu.

Kesho yake Abu Ghazi akaingia tena, akaketi, akakiweka kikombe chini. Safari hii Mama Rula aliubana mdomo. Alikunja jani, akakunja jingine. Dirishani, ng'ambo ya bonde, mjane alikuwa amepiga magoti akigongomea vigingi vya hema, mkono mmoja kiunoni. Mvuke wa kahawa ulikuwa ukiisha.

"Kunywa, ami," akasema.

Chumbani, Rula akasikika akichomeka betri za kamera yake kwenye chaji.