Sauti Imepita

Chiriku alikaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni, waya wa chaji umechomekwa ukutani kwa sababu betri yake ilikuwa haikai. Mama yake alikuwa amezima redio na kuketi mlangoni, asije jirani kuazima pasi. Jina la Chiriku alipewa utotoni, kwa mdomo wake usiojua kupumzika. Tangu jiko la mafuta limlipukie na kumla shavu la kushoto, kila ofisi aliyokwenda kuomba kazi ya mapokezi walimwambia nafasi imejaa, hata kabla hajaketi. Safari hii usaili ulikuwa wa simu.

Aliwaweza.

"Mteja akikujia juu, utafanyaje?" aliuliza bosi, mwanamke mwenye maneno ya upole.

"Namwacha atue mzigo kwanza. Mtu hapokei maji na gunia lingali kichwani."

Upande wa pili walicheka, wakanong'onezana. Kisha bosi akamwomba awashe kamera, wamwone kidogo tu. Chiriku akawasha. Kicheko kikakatika.

"Hongera," bosi akasema baada ya kukohoa. "Sauti imepita. Inaanza leo hii."

"Na mimi je?"

"Wewe pumzika tu nyumbani, mpenzi."

Chiriku akafungua kinywa ajibu, lakini sauti ilikuwa imeshamtoka. Iliingia simuni taratibu, kama mafuta yanavyoingia chupani, ikaenda kazini.

"Imeondoka hata chai haijanywa?" mama akauliza.

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Sauti kutoka, hilo si kitu. Kilichompiga butwaa ni ule upole. Wengine walimfukuza kwa kununa. Huyu alimkata vipande kwa adabu, kama muuza nyama anayekuuliza kama unataka na mfupa.

Jioni sauti ilirudi kupitia dirishani, inakwaruza, ikamwingia kooni. Mama na mwana wakala, wakapiga soga, Chiriku akacheka mpaka akapaliwa. Asubuhi ikaondoka tena. Mambo yalikwenda hivyo mpaka ofisi ilipoona safari zinaichosha sauti, ikaipa mahali pa kulala hukohuko.

Mama akapandwa na mori. Akapiga simu ofisini.

"Karibu, nikusaidie nini?"

"Mwanangu, ni mama. Rudi nyumbani. Mwenzio hasemi wala hacheki."

Sauti ikajibu chinichini: "Mama, wananisikiliza." Halafu kwa uchangamfu: "Asante kwa kutupigia. Uwe na siku njema."

Mama alibaki ameshika simu, kama mtu aliyezabwa kofi na mwanawe mwenyewe.

Siku hizi hapigi kulalama. Hupiga kabla ya magharibi, akauliza ofisi inafungwa saa ngapi, jambo analolijua fika, na kabla jibu halijaja humsogezea Chiriku simu sikioni. Sauti hujibu neno kwa neno, polepole, wala haina haraka ya kumaliza.